Malaika alianza na mkate



Tusome 1 Wafalme sura ya 19. Nabii Eliya aliomba afe. Alikuwa amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake, akalala chini ya mti. Malaika aliyetumwa kwake hakumkemea wala hakuuliza imani yake iko wapi. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, huko Horebu.

Tunaandika haya kwa ajili ya akina mama waliojifungua. Wako wanaolia bila kujua sababu. Hawalali hata mtoto akilala, chakula hakipiti, mtoto wanamwona kama wa jirani, na moyoni wanasema heri kufa. Watu husema: ana pepo, ni mvivu, hana shukrani. Hapana, wapendwa. Machozi ya siku za kwanza huwapata wengi na hupita. Yakizidi wiki mbili, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua, hasa huzuni hii.

Kule Rumonge, Minago na Nyanza-Lac ugonjwa huu ulikuwepo pia, lakini mzazi alikuwa na watu. Baba alikwenda ziwani usiku kuvua ndagala kwa taa, na nyumbani walibaki mama mkwe, shangazi na majirani. Walipika uji, walichota maji, walimbeba mtoto ili mama alale. Mwaka 2015 tulikimbilia Kagunga, tukakuta kipindupindu, meli Liemba ikatupeleka Kigoma, na jamaa wakatawanyika. Leo mama anajifungua, na baada ya siku chache anapanga foleni ya maji mwenyewe, mtoto mgongoni. Ni Eliya asiye na mtumishi.

Basi tufanye hivi:

Akina baba, msiseme, "Mama yangu alizaa kumi bila kulalamika." Chota maji, mbebe mtoto usiku, mkeo alale.

Akina mama wa kanisa, gawaneni siku za kumtembelea kila mzazi. Mwende na uji kwanza, mashauri baadaye.

Wazee na wachungaji, tuombe, na baada ya amina tumsindikize kliniki. Luka alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14). Mkunga aelezwe wazi habari za moyo, si za mwili tu. Kuna tiba ya mazungumzo, na kuna dawa ambazo daktari huchagua hata kwa anayenyonyesha. Asiziache kwa sababu ameombewa. Wanaorudi Burundi wajue kwamba Kamenge, Bujumbura, kuna kituo cha magonjwa ya akili tangu 1981.

Akitaja kufa au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti wasizozisikia wengine, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe siku ileile, hata kama ni usiku.

Nawe mama unayesoma haya ukiwa na giza moyoni, hujamkosea Mungu. Mwambie mtu mmoja leo. Sisi tutatembea nawe, kama Wagalatia 6:2 inavyotuagiza.

Mungu awabariki. Amina.