Hoja ya Magari

Mtu akikupa sababu ya kukataa jambo, unapaswa kuijibu sababu aliyoitaja, au ile unayodhani ameificha moyoni? Swali hili wenye elimu ya falsafa wamelizungusha sana. Mimi nilikutana nalo mahali ambapo hakuna aliyetarajia falsafa, yaani katika ripoti za kuhesabu magari. Kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Uingereza: kusimama kando ya barabara na kalamu, kupima upana wa njia, kisha kumsaidia mhandisi kuandika kurasa ambazo madiwani wangezisoma kabla ya kutoa kibali cha ujenzi. Nimeshiriki ripoti za maduka, za shule na za viwanda. Hakuna zilizonifikirisha kama zile za nyumba za watu wanaohitaji usaidizi.

Nyumba hizo si hospitali. Mtu hupanga chumba chake au nyumba yake ndogo, ana ufunguo wake na jiko lake, ila wapo wahudumu wanaofika kwa zamu kumsaidia katika yale asiyoyaweza. Mmoja ana ulemavu wa akili, mwingine ametoka katika maradhi ya akili, mwingine ni mzee. Hospitali kubwa za zamani zilizowaweka watu kama hao nje ya miji kwa miaka na miaka zilifungwa moja baada ya nyingine, na sheria ya mwaka 1990, iliyoanza kutumika kikamilifu 1993, ikazipa halmashauri jukumu la kupanga huduma zao huko huko katika jamii. Neno "jamii" ni tamu kulitamka. Tatizo huanza pale jamii inapopewa anwani na namba ya nyumba.

Mradi ninaoukumbuka zaidi ulikuwa wa nyumba 14 pembezoni mwa mji mmoja wa kusini, katika barabara ya kawaida yenye shule upande mmoja na kituo cha basi upande wa pili. Barua za majirani zilikuja nyingi, na karibu zote zilizungumzia magari. Barabara ni nyembamba. Maegesho hayatoshi. Asubuhi wazazi huleta watoto, tayari hapapitiki. Gari la wagonjwa litapita wapi? Hakuna hata mmoja aliyeandika kwamba hawataki watu hao. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba akufukuzaye hakwambii toka, na mimi niliposoma barua zile methali hiyo ilinijia yenyewe.

Basi tukahesabu. Kazi yenyewe haina ajabu. Iko hazina ya takwimu iitwayo TRICS, iliyoanzishwa mwaka 1989 na halmashauri sita za kusini mwa Uingereza, ambamo mna hesabu za magari yaliyoingia na kutoka katika majengo ya kila aina. Unachagua majengo yanayofanana na lako, unatazama kila nyumba moja huleta safari ngapi kwa saa, unazidisha. Saa zinazotazamwa zaidi ni kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni. Jibu la nyumba za usaidizi huwa dogo. Wapangaji wengi hawana gari wala hawaendeshi. Wahudumu hubadilishana zamu nje ya saa za msongamano. Linabaki gari la mgeni, gari la dawa, na mara moja moja gari la wagonjwa. Lau kiwanja kile kile kingejengwa nyumba 14 za kuuza kwa familia za kawaida, magari yangekuwa mengi zaidi, na sidhani kama barua zingefika nusu.

Kwa nini basi watu hukimbilia hoja ya magari? Kwa sababu ni hoja ambayo ofisi ya mipango inaipokea. Mwongozo wa taifa uliotolewa mara ya kwanza Machi 2012 unasema mradi usikataliwe kwa ajili ya usafiri isipokuwa athari zake zikiwa kali, na matoleo ya baadaye yakaongeza suala la usalama barabarani. Mlango ni mwembamba, lakini ni mlango. Mlango wa hofu nao upo, tusiseme haupo. Mwaka 1997 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya hosteli ya watu waliokuwa nje kwa dhamana wakingoja kesi zao, ilikubali kwamba hofu ya majirani yaweza kupimwa inapokuwa na msingi katika mambo yaliyokwisha kutokea. Anayetaja hofu ataombwa ushahidi. Anayetaja magari anatosheka kupiga picha ya barabara saa mbili na nusu asubuhi.

Jambo hili si la Uingereza peke yake, na kesi inayolionyesha vizuri kuliko zote ninazozijua ilitoka Marekani. Mwaka 1980, katika mji wa Cleburne, jimbo la Texas, ilinunuliwa nyumba ili wakae humo watu 13 wenye ulemavu wa akili, pamoja na wahudumu wao. Mji ukadai kibali maalumu, kwa kanuni iliyowaweka watu hao katika fungu moja na magereza, kisha baraza la mji likapiga kura na kukikataa kibali hicho. Sababu zilikuwa nyingi: majirani hawapendi, shule iko ng'ambo na wanafunzi huenda wakawasumbua wakazi, eneo lina hatari ya mafuriko, yale yanayokadiriwa kutokea mara moja katika miaka 500, na, naam, kupunguza msongamano wa barabara. Mahakama Kuu ya nchi ilitoa hukumu Julai 1985. Haikuingia katika mioyo ya wajumbe. Iliuliza swali moja tu: mbona majengo ya fleti, mabweni ya wanachuo na hospitali hujengwa katika eneo lile lile bila kibali hicho? Je, mafuriko huchagua nyumba? Ikagunduliwa pia kwamba ile shule yenyewe ilikuwa na wanafunzi kama 30 wenye ulemavu huo huo.

Naipenda njia hiyo kwa sababu inamwondolea binadamu kazi isiyo yake, kazi ya kujua yaliyo moyoni mwa mwenzake. Huhitaji kumwita jirani mnafiki. Unamwomba tu akitumie kipimo chake kwa wote. Akikataa, kipimo ndicho kilichojihukumu.

Lakini haitoshi, na hapa ndipo nilipotofautiana na wenzangu kazini, waliokwisha kuzitupa barua zote katika kapu moja la chuki. Kati ya walioandika alikuwamo bibi mmoja aliyekaa karibu na kona. Tulipofungua jalada la halmashauri tulikuta amekuwa akilalamikia kona ile miaka mingi kabla mtu hajawaza mradi wowote. Alisema dereva anayetoka pale haoni vya kutosha. Nilikwenda kupima. Kwa barabara ya maili 30 kwa saa, mwongozo wa barabara za mitaa wa 2007 unataka dereva aliyesimama mita 2.4 nyuma ya ukingo aone mita 43 kila upande. Upande mmoja ua wa miti ulikuwa umetokeza kiasi kwamba mita 43 hazikupatikana. Bibi alikuwa na haki. Ningefanyaje, niseme hoja yake ni batili kwa kuwa imekuja ndani ya bahasha moja na hoja za wengine? Kona haijali aliyeilalamikia ana nia gani. Hata yule mwenye nia mbaya kabisa, akisema ua umeziba, nenda katazame ua.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo lilikuwa hili: ijibu sababu iliyotajwa, tena kwa bidii yote, kana kwamba aliyeitaja ni mkweli. Nililishika jibu hilo kwa furaha mpaka siku nilipoisoma rasimu ya ripoti yetu kwa mkupuo mmoja, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Kila ukurasa uliwatetea wale wapangaji 14 kwa kusema hawatakuwapo. Hawatatoka asubuhi wakati wenzao wanatoka. Hawataegesha. Hawataongeza safari. Barabara haitajua kama wamekuja. Ilikuwa kweli kwa upande wa magari, na ilikuwa hoja yenye nguvu, ambayo madiwani wangeipokea. Lakini tazama inavyodai. Inadai kwamba wema wao kama majirani ni kutoonekana kwao. Siku mpangaji mmoja atakapopata kazi, akawa anatoka saa moja asubuhi, akatembelewa na ndugu zake kila Jumapili kwa magari matatu, atakuwa ameanza kuishi yale maisha ambayo nyumba ilijengwa ili ayapate, na wakati huo huo atakuwa anaichana hesabu yetu. Tulikuwa tunawaombea nafasi katika jamii kwa ahadi kwamba hawataitumia.

Ni haki kumtetea mtu kwa hoja inayomtaka abaki ndani? Mkuu wangu wa kazi, mtu mwema asiyependa maneno mengi, aliniambia kwamba wakili hutumia hoja inayoshinda, na kwamba watu 14 wakikosa nyumba, heshima yangu kwao haitawafunika usiku. Sikuwa na jibu la kumshinda, na mpaka leo naona ana sehemu yake ya ukweli. Mtu asiye na paa hana nafasi ya kungoja hoja safi. Hata hivyo naona pia kwamba hoja hujenga mazoea. Ukisema mara mia kwamba watu hawa ni sifuri barabarani, utakuja kuijengea sifuri barabara.

Na ndivyo ilivyokuwa pale. Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inazitaka ofisi za umma ziwafikirie wenye ulemavu katika maamuzi yao, lakini katika majalada yetu hakuna barua iliyouliza wapangaji wenyewe watafikaje kituo cha basi. Nilikwenda kwa miguu. Njia ya waenda kwa miguu, ambayo mwongozo unapendekeza iwe na mita mbili, ilibanwa na nguzo mahali pawili hata kiti cha magurudumu kisingepita. Ukingo wake ulikuwa wa juu pande zote mbili za barabara. Barabara yenyewe ilikuwa na upana wa mita 7.3, bila kivuko.

Taa za kivuko Uingereza kwa miaka mingi zilipangwa kwa kudhani mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba walio wengi katika wazee wa miaka 65 na zaidi hawaufikii mwendo huo. Anayeufikia atavuka mita 7.3 kwa sekunde 6. Anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde atahitaji 9. Sekunde 3 si kitu ukiwa umekaa unasoma kitabu. Gari la maili 30 kwa saa hupita mita 40 katika sekunde hizo, karibu sawa kabisa na zile mita 43 tulizompimia dereva kwa uangalifu mkubwa, kwa kamba na fimbo za rangi.

Niliandika kurasa mbili juu ya mambo hayo. Mkuu alisema, "Hayo hakuna aliyeyauliza." Nikamjibu kwamba kichwa cha ripoti kinasema usafiri na ufikaji, na anayefika si gari peke yake. Alifikiri kidogo, akafuta aya moja niliyokuwa nimetia hasira ndani yake, nyingine akaziacha.

Kibali kilitolewa, kwa masharti. Ua wa miti ukatwe na usiruhusiwe kupita sentimeta 60, jambo lililomfurahisha bibi wa kona kuliko mtu yeyote, nguzo zihamishwe, kingo zishushwe hadi usawa wa barabara pande zote mbili. Kivuko cha taa kilikataliwa. Mhandisi wa halmashauri alinieleza sababu bila kificho: kanuni iliyozoeleka huzidisha idadi ya wanaovuka kwa idadi ya magari mara mbili, na pale wanaovuka walikuwa wachache mno. Nilimwambia kwamba mahali pasipovukika watu hawavuki, na kwamba waliokusudiwa kuvuka walikuwa bado hawajahamia. Alikubali kwamba ni kweli. Akasema fomu haina nafasi ya watu hao.

Nikamwandikia barua kuomba hesabu irudiwe mwaka mmoja baada ya wapangaji kuingia, ifanywe siku mbili, na mmoja wa wahudumu awepo ili aeleze nani alitaka kutoka akarudi ndani. Barua hiyo imo katika jalada, imepigwa mhuri wa kupokelewa.