Wazo la Leo: Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Neon tetra, samaki mdogo wa bonde la Amazon mwenye mstari wa buluu unaong'aa ubavuni, hapendi upweke. Mweke peke yake, atajibanza nyuma ya majani na rangi zake zitafifia. Wakiwa 6 au zaidi huogelea bila wasiwasi. Lakini usiwanunue siku moja na tangi. Samaki hutoa amonia, sumu kwao wenyewe. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati inayofyonzwa na mimea, lakini bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha. Panda mimea, washa chujio, dondosha punje chache za chakula cha samaki kuwalisha bakteria hao, kisha subiri. Mwenye pupa hununua samaki walewale mara mbili.