Mikono Mingi, Mtoto Mmoja



Wazee wetu walisema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Neno hilo ni la kweli, nasi tumelisikia tangu utoto wetu. Lakini mwezi huu twapenda kuwaletea swali ambalo methali hiyo hailijibu: je, mikono ikiwa mingi, kila mmoja ukafanya sehemu yake vema, na bado mtoto akaumia, kosa ni la nani?

Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Swali hili limetujia hapa hapa parishini. Mama mmoja miongoni mwetu alijifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Majina hatutayataja, na mama mwenyewe ameturuhusu tuyaseme haya, ili yawafae wengine.

Kwanza tueleze ugonjwa huo, maana mengi yasiyo kweli husemwa juu yake. Mtoto huzaliwa hivyo kwa sababu uti wa mgongo haukufunga sawasawa alipokuwa tumboni. Jambo hilo hutokea katika siku 28 za kwanza tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mama hajajua kwamba ana mimba. Si laana, si kazi ya mchawi, wala si adhabu ya dhambi ya wazazi. Upungufu wa foliki asidi mwilini mwa mama ni mojawapo ya sababu, na ndiyo maana wanawake hushauriwa kumeza vidonge vyake hata kabla ya kushika mimba.

Watoto wengi wa namna hii hupata pia maji mengi kichwani, miguu dhaifu au nyayo zilizopinda, na kibofu kisichoweza kujimwaga chenyewe. Hivyo mtoto mmoja hupelekwa kwenye milango mingi: kwa daktari wa ubongo na uti wa mgongo, kwa daktari wa mifupa, kwa daktari wa njia ya mkojo, na kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tena akipata homa ya kawaida hurudi kwenye zahanati ya kijiji kama watoto wengine.

Mtoto wetu alipasuliwa katika mji wa mbali. Mgongo ukafungwa vizuri. Baadaye akawekewa mpira mwembamba chini ya ngozi, kutoka kichwani hadi tumboni, ili maji ya kichwani yapate kushuka. Miguu ilinyoshwa kwa plasta katika hospitali nyingine. Kila mahali palikuwa na kadi yake, faili lake na siku yake ya kurudi. Kila daktari alipomtazama alimwambia mama, "Vizuri, anaendelea vizuri." Nao walisema kweli, kila mmoja kwa sehemu aliyoitazama.

Alipokuwa na umri wa miaka mitatu, mtoto alishikwa na homa, akatapika, akawa mtu wa kusinzia mchana. Mama alimpeleka zahanati. Mhudumu alimpima malaria, akampa dawa ya homa, akamwambia arudi baada ya siku tatu. Mama alitaja kwamba mtoto ana mpira kichwani, lakini hakuwa na karatasi ya kuonyesha, kwa sababu karatasi zote zilikuwa katika faili mjini. Tena hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba mtoto mwenye mpira wa namna hiyo akitapika na kusinzia, huenda mpira umeziba, na jambo hilo halingoji siku tatu. Nauli ilipopatikana ilikuwa siku ya sita. Mpira ulibadilishwa na maisha yake yakaokolewa. Macho hayakuokolewa.

Na katika kupimwa tena huko mjini ikaonekana kwamba hata figo zilikuwa zimeanza kuharibika. Tangu mwaka 1972, daktari Jack Lapides wa Marekani alipoeleza kwamba kibofu chaweza kumwagwa kwa mpira wa mkojo ulio safi, mara kadhaa kwa siku, bila mambo mengi ya hospitali, wazazi wengi ulimwenguni wamefundishwa kazi hiyo nyumbani na figo za watoto wao zimepona. Mama yetu hakuwa amefundishwa. Kila kliniki ilidhani nyingine imekwisha kumfundisha.

Na sisi je? Mtoto alipozaliwa tulimwombea mbele ya altare, tukachanga nauli, tukampelekea mama sukari na sabuni. Kisha tukaona sehemu yetu imekwisha. Katika zile siku sita mama alizunguka nyumba tatu za Wakristo akitafuta nauli. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba saa zilikuwa zinahesabiwa.

Sasa tumtafute mwenye kosa. Daktari wa mgongo alishona vema. Daktari wa mifupa alinyosha miguu. Mhudumu wa zahanati alitibu alichokiona. Sisi tulichanga. Kila mmoja aweza kusimama mbele ya hakimu na kusema, "Nilifanya kazi yangu," na akawa hakusema uongo. Na mtoto yuko pale benchi la pili kila Jumapili, akigeuza uso upande inakotoka sauti ya kwaya.

Twasikia majibu mawili. Jibu la kwanza ni kwamba hakuna mwenye kosa. Mungu ndiye aliyependa. Ndugu zetu, tuliogope jibu hili. Yako mambo ambayo hatutayaelewa upande huu wa kaburi, nasi twayaacha mikononi mwa Mungu. Lakini mpira ulioziba, na karatasi iliyobaki mjini, si katika mafumbo hayo. Tusimtwike Mungu mzigo ambao sisi hatukutaka kuuinua.

Jibu la pili ni kwamba kosa ni la mama, maana mtoto ni wake. Hebu tutazame tulichomtaka afanye. Tulimtaka akumbuke majina ya dawa, tarehe za kliniki nne, na maneno ya madaktari wasiojuana, ayachukue kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kudondosha hata moja. Na nyumbani ana watoto wengine, na shamba linamngoja. Tumemfanya awe faili, awe tarishi, na awe muuguzi. Ukurasa mmoja ukianguka, twamlaumu yeye. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Sisi twaona hivi. Wajibu wa mtu hauishii mahali kazi ya mikono yake inapoishia. Ukimtoa mtoto mkononi mwako ili umpe mwingine, wajibu wako waendelea mpaka uone kwamba amepokewa. Ile nafasi iliyo kati ya mkono na mkono nayo ni kazi, tena mtoto huangukia hapo. Kazi hiyo isipopewa mtu, haiwi kazi ya hakuna mtu. Inakuwa deni la wote. Hatusemi kwamba deni ni sawa kwa kila mmoja. Mwenye elimu zaidi na uwezo zaidi adaiwa zaidi. Lakini hakuna aliyegusa maisha ya mtoto huyu asiyedaiwa chochote.

Bwana wetu alitufundisha jambo hili katika mfano wa Msamaria. Twapenda kuhubiri juu ya mafuta na divai aliyomimina juu ya majeraha. Mara chache twautazama mwisho wa habari. Msamaria hakumwacha yule mtu mlangoni pa nyumba ya wageni na kwenda zake. Alimpandisha juu ya mnyama wake mwenyewe, akamwuguza usiku ule, akazungumza na mwenye nyumba, akaacha dinari mbili, akaahidi kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Mafuta na divai ni huruma ya saa ile. Dinari mbili na ahadi ya kurudi ni mpango. Pasipo mpango huo, majeruhi angeweza kutolewa nje siku ya tatu, na mafuta yale yakawa kazi bure. Yesu aliyaweka yote mawili katika mfano mmoja, na mfano huo ulikuwa juu ya upendo.

Watu wengine wameiona haja hii. Mwaka 1967 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilianza kuandika juu ya kile twachoweza kukiita nyumba ya tiba ya mtoto. Mwanzoni maana yake ilikuwa mahali pamoja tu ambapo habari zote za mtoto mgonjwa zinawekwa. Baadaye daktari Calvin Sia wa Hawaii na wenzake waliipanua fikira hiyo, na mwaka 1992 chama kile kilitangaza kwamba tiba ya watoto yapasa kuwa karibu na watu, iendelee bila kukatika, imtazame mtoto mzima, iheshimu familia, ipangwe pamoja, na iwe na huruma. Angalieni: mpango na huruma vimeandikwa katika orodha moja.

Na karibu nasi zaidi, katika hospitali ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, daktari Benjamin Warf aliwatibu watoto wengi wenye maji kichwani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliona kwamba mtoto aliyewekewa mpira hurudi kijijini, na mpira ukiziba hospitali iko mbali. Basi akaitengeneza njia nyingine: kutoboa tundu dogo ndani ya ubongo ili maji yapite, na kuunguza tishu zinazoyatengeneza, ili watoto wengi wasihitaji mpira kabisa. Haimfai kila mtoto, lakini imewafaa wengi, na imejulikana hata Marekani. Daktari huyo hakuuliza tu, "Nitatibuje kichwa hiki?" Aliuliza pia, "Kichwa hiki kinarudi wapi?"

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya hospitali na serikali, si ya kanisa. Ni kweli kwamba hospitali zina sehemu kubwa, nasi hatuna budi kuzisihi ziwape wazazi karatasi, ziandikiane barua, na zipange kliniki za mtoto mmoja katika siku moja pale inapowezekana. Lakini kati ya hospitali na nyumba kuna njia, na sisi twakaa kando ya njia hiyo.

Wengine wataogopa kwamba siri za wagonjwa zitakuwa habari za kisimani. Hofu hii ni ya haki. Ndiyo sababu hatutaki kamati, wala matangazo kanisani. Mama mwenyewe na amchague mtu mmoja anayemwamini. Kumsaidia si kumtawala.

Basi twapendekeza mambo matatu, na tumekwisha kuyaleta mbele ya Baraza la parishi na viongozi wa Umoja wa Mama. La kwanza ni daftari moja kwa kila mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, liende naye kila mlango, na kila daktari aombwe kuandika humo. Ukurasa wa kwanza uandikwe kwa herufi kubwa: mtoto huyu ana nini, dalili gani ni za hatari, na apelekwe wapi mara moja. La pili ni huyo mtu mmoja, atakayekwenda na mama kliniki inapowezekana, asikilize pamoja naye, na kumwuliza wiki inayofuata mambo yamekwendaje. La tatu ni akiba ya nauli isiyoguswa kwa jambo lingine lolote, na iwe mahali panapofunguka hata usiku wa manane. Haya yote pamoja hayafikii gharama ya paa la ukumbi tunalolichangia sasa.

Maombi hayaondolewi. Lakini tukimwombea mtoto siku ya Jumapili na tusijue siku yake ya kliniki, tumemwomba Mungu ayakumbuke mambo ambayo sisi wenyewe tumekubali kuyasahau.

Mtoto wetu atafikia umri wa kuanza shule mwezi wa Januari. Atahitaji mwalimu anayejua kufundisha wasioona, na mwalimu huyo atapaswa kuelezwa juu ya mpira wa kichwani, juu ya figo, na juu ya kutapika na kusinzia. Utakuwa mkono mwingine tena, mwema bila shaka, usioyajua yaliyotangulia. Mama ametuuliza ni nani atakayekwenda naye siku hiyo. Hatujampa jibu. Anayesoma haya na kuwa tayari, na amwone baada ya ibada.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.