Kulala Nje kwa Hiari

Je, ni haki mtu kutafuta kwa raha kile ambacho mwenzake alikipata kwa machozi? Swali hili nililetewa na bibi yangu, mbele ya nyumba yetu Kamenge, jioni moja tulipokuwa tukipanga vifaa vya safari.

Tulikuwa vijana sita. Tulitaka kwenda Mugere, kusini mwa Bujumbura, tukalione jiwe la Livingstone na Stanley, kisha tupande milimani hadi Teza penye mashamba ya chai, tulale siku mbili kando ya msitu wa Kibira kwa ruhusa ya walinzi. Huko hakuna duka wala bomba, hivyo tulihesabu kila kitu: vidumu vya maji, mkaa, unga wa muhogo, maharagwe, tochi, dawa na turubai. Bibi alilishika turubai, akalipapasa, akauliza: "Mjukuu wangu, mnakwenda kulala nje. Nani amewafukuza?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Mwaka 1995, wakati wa vita, wakazi wengi wa Kamenge waliukimbia mtaa huu, na bibi alikuwa miongoni mwao. Walilala vilimani bila kuhesabu maji wala unga, kwa kuwa hawakupewa muda wa kuhesabu.

Mtu anaweza kujibu kwamba uchungu wa mmoja hauharamishi furaha ya mwingine. Nakubali. Kama kila kilichomtesa mtu kingekuwa mwiko, tusingevuka ziwa wala kutembea usiku. Tena, kijana kulala karibu na msitu bila kumwogopa mtu ni tunda la amani ambayo wazee waliitamani.

Hata hivyo, umande ni ule ule, turubai ni lile lile. Kinachotutenganisha na bibi ni nyumba ya kurudia. Sisi tuliijua siku ya kurudi kabla ya kuondoka. Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Kwa hiyo kosa haliko katika kwenda. Kosa ni kurudi tukijisifu kwamba nasi tumeyaonja maisha ya shida.

Jiwe la Mugere lilinifundisha jambo hilo hilo. Limechongwa majina ya wageni wawili waliopita hapo Novemba 1871. Wapiga makasia na wapagazi wao hawakuandikwa. Anayesafiri kwa kutaka husimulia, na husikilizwa. Anayesafiri kwa kulazimishwa mara nyingi hunyamaza. Basi anayekwenda kwa hiari ana deni: amsikilize kwanza yule aliyekwenda bila hiari.

Deni hilo tulijaribu kulilipa kabla ya kuondoka. Tulimwomba bibi atufundishe. Akatuambia tusilale bondeni, maana mvua ikinyesha maji hupita hapo. Tukusanye kuni kavu kabla ya giza. Na moto tuuzime kwa udongo. Usiku wa pili mvua ilinyesha kweli, nasi tulikuwa juu, pakavu.

Tuliporudi aliniuliza neno moja tu: "Mlilala?"

Nikamjibu kwamba tulilala vizuri. Akatikisa kichwa, akasema yeye, siku zile, hakulala. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye, na kwa mara ya kwanza akanisimulia.