Gari lililotelekezwa kiwanjani kwako si ngawira

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye watu wa Makka walimwita Al-Amin, Mwaminifu, kabla hata hajapewa Utume.

Ndugu Waislamu, pita mitaa ya Temeke, Ilala au Kinondoni, utayaona. Gari liko juu ya mawe ndani ya ua wa mtu, vumbi limelifunika, paka wamezalia kwenye viti. Ukiuliza utaambiwa mwenyewe aliomba kuliweka siku mbili, sasa ni mwaka wa tatu. Au alikuwa mpangaji, kahama na kodi ya watu, gari kaliacha. Au watu waliamka asubuhi wakalikuta.

Kisha huanza taratibu. Kwanza hutolewa betri, "isiharibike bure." Baadaye matairi, rejeta na taa. Mwisho anaitwa mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Wanaofanya hivyo si wale wezi tunaowakimbiza usiku. Wengine ni watu wa safu ya kwanza msikitini!

Muda haubadilishi mwenye mali

Katika Suratun Nisaa, aya ya 29, Allah (S.W.) anatukataza kuliana mali kwa batili. Katika aya ya 58 ya sura hiyo hiyo anatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Hakuna mahali tulipoambiwa kwamba amana ikikaa sana inageuka kuwa ya aliyeitunza.

Wapo wanaojitetea kwa hadithi ya luqata, yaani kitu kilichookotwa. Hadithi hiyo imepokewa na Zayd bin Khalid al-Juhani na imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) aliulizwa juu ya fedha iliyookotwa. Akaelekeza aliyeiokota aujue vyema mfuko wake na kamba yake, aitangaze mwaka mzima, kisha anaweza kuitumia, lakini mwenyewe akija alipwe. Wanaojitetea huishia hapo. Hawaendelei kusoma kwamba alipoulizwa juu ya ngamia aliyepotea, Mtume (S.A.W.) alikasirika mpaka uso ukabadilika. Alieleza kuwa ngamia ana miguu na maji yake, basi aachwe mpaka mwenyewe ampate.

Gari halina miguu ya kulipeleka kisimani. Lakini lina kitu ambacho mfuko ule haukuwa nacho: namba ya usajili, namba ya chesisi, na jina la mmiliki katika kumbukumbu za TRA. Kwa hiyo gari la aina hii mara nyingi si luqata. Ni mali ya mtu anayejulikana au anayeweza kujulikana. Na kama uliridhia mwenyewe aliweke kwako, hiyo ni amana moja kwa moja.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inahesabu kuwa ni wizi kugeuza mali ya mtu kwa udanganyifu ikawa yako. Aliyeokota kilichopotea hujitetea ikiwa hamjui mwenyewe na ana sababu za msingi za kuamini kuwa hawezi kupatikana. Mtu anayeiona namba ya gari kila anapofungua mlango atajitetea vipi?

Nawe una haki yako

Uislamu haumtaki mwenye kiwanja akae kimya adhulumike. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Mwenye gari hana haki ya kuufanya ua wako kuwa stoo yake. Kama anadaiwa kodi, deni lako ni haki. Lakini deni hudaiwa kwa njia yake. Halilipwi kwa kung'oa matairi usiku.

Tunao mfano mzuri kutoka kwa Masahaba. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba zama za Sayyidna Umar (R.A.) ngamia waliopotea waliachwa bila kuguswa. Ilipofika zama za Sayyidna Uthman (R.A.), aliamuru watangazwe, kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Zingatia aliyeamuru kuuza ni nani. Ni mwenye mamlaka, siye aliyemkuta ngamia shambani kwake.

Fanya hivi

Kwanza, andika namba, rangi na hali ya gari, lipige picha, na uweke mashahidi wawili waadilifu. Hadithi ya Iyadh bin Himar katika Abu Daud inaagiza kushuhudisha luqata. Ikiwa kwa kilichookotwa ni hivyo, kwa gari la watu ni zaidi.

Pili, toa taarifa kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi, na uchukue namba ya taarifa yako. Huenda gari hilo liliibwa, au lilitumika katika uhalifu. Ukikaa nalo kimya, utaulizwa wewe.

Tatu, mwenyewe akishajulikana, mpe notisi ya maandishi yenye muda wa kutosha wa kuliondoa. Baki na nakala.

Nne, akikaidi au asipopatikana, nenda mahakamani. Omba amri ya kuliondoa au kuliuza, pamoja na gharama zako halali. Likiuzwa kwa amri, kinachozidi ni cha mwenyewe.

Usilisukumie barabarani, kwani kuondoa udhia njiani ni katika imani, seuze kuuweka. Wala usiliuze kienyeji. Mtume (S.A.W.) alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho, na huyo mnunuzi wako atabadilisha vipi umiliki bila kadi?

Huenda mwenyewe yuko kaburini

Ndugu zangu, kuna jambo tunalisahau. Mtu asiyerudi kuchukua gari lake huenda hakukaidi. Huenda alikufa safarini. Mjane wake yuko mkoani, hajui kama gari lipo. Hapo gari ni mirathi, na ile betri uliyoitoa ni fungu la yatima. Katika aya ya 10 ya Suratun Nisaa, Allah (S.W.) ameeleza kuwa wanaokula mali za yatima kwa dhulma wanakula moto matumboni mwao. Ni nani yuko tayari kwa hilo kwa ajili ya rejeta kuukuu?

Na wewe uliyeacha gari kwenye ua wa mtu, kaliondoe wiki hii. Kama umeshindwa, nenda ukazungumze naye, au andika uamuzi wako. Mtume (S.A.W.) amesema kuwa ucheleweshaji wa mwenye uwezo katika kulipa haki ni dhulma. Usimtie jirani yako katika mtihani ambao huenda akaushindwa.

Na aliyekwisha kula, mlango wa toba uko wazi. Lakini toba katika haki ya mja haitimii kwa istighfari peke yake. Mtafute mwenyewe au warithi wake, uwalipe.

Wabillahi Tawfiq.