Ahadi Iliyoandikwa kwa Wino

Wahenga walituachia neno kwamba ahadi ni deni, nasi tumelirithi bila kuuliza: je, kila ahadi? Swali hili lilinijia mwaka 1993, nikiwa na karatasi mfukoni.

Mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa akitafuta kazi. Karani wa ofisi moja mjini kwetu aliniahidi kumtia katika orodha ya watakaoajiriwa, nami nikampa shilingi 40,000. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kupenda maandishi, tuliandikiana, tukatia sahihi, na muuza kahawa akawa shahidi. (Siku ile nilijiona mwerevu.) Orodha ilipotoka, jina la kijana halikuwamo. Karani akasema fedha zimekwisha kutumika.

Nikamwendea rafiki yangu mwanasheria. Aliisoma karatasi mara mbili, kisha akanifungulia Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ambayo Tanganyika iliitunga kwa kufuata sana ile ya Bara Hindi ya mwaka 1872. Kifungu cha 10 chataka wahusika wawe na hiari na uwezo wa kufanya mkataba, malipo yawe halali, na kusudio liwe halali. Malipo, alinifafanulia, si fedha tu. Ni chochote ambacho mtu anatoa au anajinyima ili apate cha mwenzake. Wala sheria haidai kwamba vilingane: aliyeuza ng'ombe kwa bei ya kuku, kwa hiari yake, ameuza.

"Hiari mlikuwa nayo, bwana," akasema, "na kila mmoja alileta chake. Lakini ulichonunua hakiuzwi."

Makubaliano yenye kusudio lililokatazwa na sheria ni batili. Tena sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 1971 ilimtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji. Akanisimulia kesi ya Uingereza ya mwaka 1725, ya wanyang'anyi wawili wa barabarani: mmoja alimshtaki mwenzake kwa kumpunja mgawo, na katika hati yake aliupamba unyang'anyi kwa maneno ya ubia wa biashara. Mahakama iliitupa kesi, ikawatoza faini mawakili walioileta. Nilicheka sana. Kisha nikakumbuka kwamba katika karatasi yangu nilikuwa nimeandika "gharama za ufuatiliaji".

Nilirudi nyumbani na hasira. Mahakama ikikataa kutusikiliza sote wawili, fedha zinabaki kwa nani? Kwa aliyenidanganya. Haki gani hii inayomwachia mla rushwa kitoweo chake? Hata leo naamini yule karani alipaswa kunirudishia. Batili haimaanishi kwamba fedha zimekuwa zake. Maana yake ni kwamba mimi sina mlango wa kubisha.

Ila kuna jambo nililoliona polepole, na lilinikera kuliko hasara. Nilikuwa nikimlaumu karani kwa kuvunja ahadi. Kama angeitimiza, ningemwita mtu mwaminifu! Lakini nafasi ile ilikuwa na mwenyewe. Kijana wa jirani yangu alipeleka maombi siku moja na mpwa wangu, na alama zake zilikuwa bora. Yeye jina lake lilitoka. Mama yake alileta sahani ya vitumbua kuja kutuarifu, nami nikavila. Katika karatasi yetu kulikuwa na sahihi tatu, na hapakuwa na ya kwake, ingawa tulichokuwa tukibadilishana na karani kilikuwa chake.

Kwa hiyo uaminifu wa karani ungekuwa wizi, na uongo wake ndio uliomnusuru mtoto wa watu. Sijui nimshukuru au nimlaani. Mpwa wangu sikumweleza mpaka alipokuwa na watoto wake mwenyewe; alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama jirani anajua.

Hajui. Karatasi ninayo bado. Karani amestaafu, na tukikutana sokoni yeye ndiye hutangulia kuniamkia.