Msemaji Asiyetaka Kutajwa

Chukua gazeti lolote ulisome polepole. Hutapita safu nyingi kabla hujakutana na mtu "ambaye hakutaka jina lake litajwe". Umekwisha kumzoea, wala humshughulikii tena. Lakini yafaa usimame hapo kidogo ujiulize: mtu huyu ni nani, na kwa nini nimsadiki?

Tuseme kijana mvuvi wa Dunga, karibu na Kisumu, amewaona wenziwe wakimwaga dawa ya kuua wadudu ziwani ili wapate samaki bila taabu. Jambo hili si ndoto. Mwaka 1999, kwa sababu ya habari za uvuvi wa sumu, nchi za Umoja wa Ulaya zilizuia samaki wa Ziwa Viktoria wasiingie katika masoko yao, na wavuvi wasiokuwa na hatia wakapata hasara pamoja na wenye hatia. Kijana wetu akisema hadharani, usiku huo huo nyavu zake zaweza kukatwa, na labda si nyavu tu. Akinyamaza, watu watakula sumu. Basi amwendea mwandishi wa gazeti na kumwambia, "Andika, lakini mimi sikuja kwako." Nani atamlaumu?

Sasa tuseme hakuona kitu. Aligombana na mwenye mashua juu ya ujira wake, na hii ndiyo njia aliyoipata ya kulipiza kisasi. Maneno yake ni yale yale, na gazetini yatasomeka vile vile. Mwenye mashua atajulikana kwa jina na kwa kijiji, na mkewe atanyoshewa kidole sokoni. Aliyemshitaki yu salama gizani. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito, kwamba mmoja afichwa na mwingine aanikwa.

Watu wazima wa Kisumu walijua mambo haya kwa uchungu. Mwezi wa Februari 1990, Dakta Robert Ouko, waziri wa mambo ya nchi za nje, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mchungaji mmoja aliuona mwili wake chini ya kilima cha Got Alila tarehe 13, lakini serikali haikuupata rasmi mpaka tarehe 16. Katika siku hizo watu wengi waliogopa hata kukiri kwamba wameona. Kisha minong'ono ikajaa nchi nzima, kila mmoja akimtaja muuaji wake, wala hapana aliyeweza kuulizwa, "Wewe umejuaje?" Tume ya uchunguzi ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi yake. Mkuu wa wilaya mmoja alishitakiwa, na mahakama ikamwachilia mwaka 1994. Wauaji hawakupata kuhukumiwa. Woga uliwafunga midomo walioona, na uvumi ukawafungulia wasioona.

Huenda ukasema: basi tuyapige marufuku maneno yasiyo na mwenyewe. La, hayo yangemnyamazisha yule kijana mkweli. Kanuni za waandishi wa Kenya zilizowekwa na sheria ya mwaka 2013 zilishika njia nyingine: jina lifichwe tu pale ambapo ukweli hauwezi kutumikiwa vema kwa kulitaja, na mwandishi na mhariri wake wamjue mtu huyo. Maana yake, msomaji afichwa jina, lakini wao hawafichwi, nao ndio watakaosimama mahali pake maneno yakiwa ya uongo. (Wengine, nasikitika kusema, huficha majina kwa uvivu tu. Ofisa anayetangaza siku ya kufungua shule aogopa nini?)

Kwa hiyo mwandishi wa kweli hatayachapisha maneno ya kijana siku ile ile. Atamwuliza kama aliona kwa macho yake au alisikia, na kama ana ugomvi na mtu. Atashuka ufuoni kabla ya jua kuchomoza, atafute mwingine aliyeona bila kushauriana na huyu wa kwanza, na apeleke samaki kupimwa. Jina la kijana atalifunga moyoni, hata akitishwa. Tena atamwendea mwenye mashua, amweleze analoshitakiwa, angoje jibu. Magazeti hayapendi kungoja. Lakini wewe msomaji, kama mwenye mashua huyo ni baba yako, ungetaka apewe siku ngapi?